Kuni za Mpita Njia

Somo la wiki: Matendo ya Mitume 28:1–10



Begi langu lilikaa nyuma ya mlango siku nane. Nililiweka pale jioni niliyofika Ukara, na kila asubuhi nilivuta shati moja, nikafunga zipu, nikatoka. Nilikuwa nimetumwa kwa majuma sita tu, kushika nafasi ya mtumishi mwenzangu aliyekwenda masomoni. Majuma sita ni siku 42. Nilikuwa nimezihesabu kabla hata ya kupanda meli Mwanza. Nikajisemea: hapa napita tu, ya nini kutandaza vitu?

Wiki hii nawaomba tukae na neno hilo, "napita tu." Nimelisikia vinywani mwa wengi wetu, nami nimelisema mara nyingi. Mtume Paulo naye alipita kisiwani. Alikaa miezi mitatu, akaondoka, na Maandiko hayasemi popote kwamba alirudi. Namna alivyoikaa miezi ile ina la kutufundisha sisi ambao kila siku tuko njiani kwenda mahali pengine.

Lakini kwanza niwaambie habari za Ukara.

Kutoka Mwanza unasafiri kwa meli saa kadhaa hadi Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe. Unakikata kisiwa cha Ukerewe kwa gari hadi Bugolora, halafu unapanda kivuko kwenda Bwisya. Ukishuka hapo umefika kwenye kisiwa cha kilometa za mraba zipatazo 80 tu, chenye mawe makubwa yaliyopandana na nyumba zilizosogeleana hata hujui ua wa huyu unaishia wapi na wa yule unaanzia wapi. Watu wa mbali wakisikia Ukara huulizia jiwe linalocheza. Mimi kilichonishika ni udongo.

Ni udongo wa kichanga, mwepesi, uliotokana na miamba ile ile inayokizunguka kila kishamba. Udongo wa namna hiyo ukilimwa mfululizo bila kulishwa unachoka upesi. Kwingineko, zamani, mtu alipoona shamba limechoka alisogea mbele, akafyeka pori jipya. Ukara hakuna mbele. Ukisogea mbele unakutana na maji. Basi Wakara, kabla bwana shamba yeyote hajafika kuwafundisha, walijifunza kuulisha udongo wao. Walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, kwenye sakafu iliyochimbwa kwenda chini, wakawakatia majani na kuwaletea ndani, wakaiacha samadi ijae, kisha wakaichimbua na kuibeba kichwani hadi shambani. Walipanda marejea katikati ya uwele, na marejea yalipokomaa wakayafukia yawe mbolea. Walipanga mawe kwenye miteremko ili mvua isiusombe udongo na kuutia ziwani. Hata miti ilipandwa na kila mti ulikuwa na mwenyewe, kwa sababu majani yake nayo yalikuwa chakula cha ng'ombe au cha shamba. Maafisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni walipokwenda kuutazama ukulima huo katika miaka ya 1930 waliukuta umekwisha kukomaa, ukilisha watu wengi mno kwa kisiwa kidogo namna ile.

Hayo nilikuwa nimeyasikia. Siku ya tisa niliyaona.

Nilitoka nje mapema. Jirani wa nyumba niliyofikia, bibi wa miaka sabini na ushei, alikuwa anateremka njia ya mawe na kikapu cha samadi kichwani. Mkono mmoja ulishika ukingo wa kikapu, mwingine ulishika jembe ambalo mpini wake ulikuwa unang'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Samadi ilikuwa bado mbichi, na maji yake yalimchuruzika nyuma ya sikio hadi kwenye khanga. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kupunguza mwendo. Nikamfuata. Kishamba chenyewe hakikufika hatua thelathini kwa upana. Akamwaga kikapu, akapiga magoti, akaanza kuitandaza samadi kwa mikono, akiyavunja mabonge moja moja na kuyafunika kwa udongo, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Bibi, shamba hili ni lako?"

"La mtoto wa shemeji yangu. Yuko Mwanza. Amenipa nilime mpaka atakapolitaka."

"Atalitaka lini?"

"Anasema baada ya mavuno haya."

"Sasa mbona unahangaika na samadi? Si mwenyewe anakuja kulichukua?"

Akainua uso akanitazama kwa upole, kama anayemtazama mjukuu aliyeuliza jambo la kitoto.

"Mchungaji, udongo haujui kwamba mimi nimeazimwa. Wenyewe una njaa tu."

Kisha akarudi kwenye mabonge yake.

Nilirudi ndani nikalitoa begi nyuma ya mlango. Nilitoa kila kitu. Mashati nikayaning'iniza kwenye misumari, vitabu nikavipanga dirishani, mahubiri sita niliyokuja nayo yameandikwa nikayaweka mezani. Halafu nikaenda kumwomba yule bibi kikapu cha pili.

Sasa twendeni Melita, kisiwa ambacho leo kinaitwa Malta, katika bahari ya Mediterania. Nacho ni kidogo, urefu wake ni kilometa 27 hivi. Paulo hakukichagua. Alikuwa mfungwa anayepelekwa Rumi kwa Kaisari, chini ya ulinzi wa akida Yulio. Tufani iliwapeperusha usiku kumi na nne, na wakati wote huo karibu hawakula. Merikebu ilipokwama na kuanza kuvunjika, askari walitaka kuwaua wafungwa wote wasije wakaogelea na kutoroka. Akida ndiye aliyewazuia, kwa kuwa alitaka kumponya Paulo. Watu 276 walifika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao na vipande vya merikebu. Na huko ufukoni mvua ilikuwa inanyesha, tena baridi.

Wenyeji wakawasha moto, wakawakaribisha wote. Luka, ambaye alikuwamo, anataja fadhili zao kama jambo lisilo la kawaida, nami naelewa kwa nini. Kuwakaribisha wageni watatu ni ukarimu tunaoujua. Kuwakaribisha watu 276 waliotupwa na bahari kwa mara moja, wamelowa, wengine askari wenye panga na wengine wafungwa, ni jambo jingine kabisa.

Hapo Luka anatuonyesha kitu kidogo ambacho nimekisoma miaka mingi bila kusimama. Anasema Paulo aliokota mzigo wa kuni akauweka motoni.

Simameni hapo pamoja nami. Mtu huyu ametoka majini sasa hivi. Nguo zimemganda mwilini. Ni mfungwa; hakuna ambaye angemlaumu kama angejikunyata karibu na moto na kunyamaza. Ni mgeni, desturi ya wenyeji inamlinda. Ni mtume mkubwa. Wangeweza kumwokotea wengine. Na zaidi ya yote anapita tu. Moto ule si wake, kisiwa kile si chake, Rumi inamsubiri. Sisi tuna methali yetu kwamba mgeni hupewa siku mbili, ya tatu apewe jembe. Paulo hakungoja hata saa mbili. Aliinama kwenye mvua, akaokota vijiti.

Na kuni zile zilikuwa za kumtia nani joto? Zilimtia joto Luka, rafiki yake. Ziliwatia joto wenyeji waliouwasha ule moto. Ziliwatia joto pia askari ambao muda mfupi uliopita walikuwa tayari kumwua. Moto haukuwachagua, na Paulo hakuwachagua. Ndugu zangu, hapa ndipo penye mafundisho makubwa, na ninyi mwaweza kuyaona bila mimi kuyarefusha.

Kisha nyoka akatoka katika zile kuni, akamning'inia mkononi. Wako wanaofikiri kwamba ukitenda wema njia husafishika mbele yako. Luka anatuambia ukweli mwingine: nyoka alikuwa ndani ya kuni zenyewe, na aliyeumwa ni yule aliyeziokota. Waliojikunyata hawakuumwa. Ukianza kubeba mzigo mahali ulipo, kwenye kanisa ulilohamia, kwenye mtaa unaopanga, kwenye kazi ya mkataba wa mwaka mmoja, utakutana na kitu kitakachokushika mkono. Utasikia wakiuliza: huyu amekuja jana, anajifanya nani? Paulo alimtikisia nyoka motoni. Hakuitupa kazi pamoja na nyoka.

Tazameni pia maneno ya watu. Walipomwona na nyoka mkononi walisema bila shaka huyu ni mwuaji. Walipomwona haanguki wala havimbi walisema ni mungu. Kote kuwili walikosea, na Luka haandiki kwamba maneno ya kwanza yalimvunja moyo. Mpita njia ambaye anaishi kwa kutazama watu wanamwitaje atachoka upesi, maana watu wa mahali hawana muda wa kumjua vizuri. Watamlaumu kabla hawajamjua, watamsifu kabla hawajamjua. Aliyetumwa na Mungu hupumzika katika jina ambalo Mungu anamwitia.

Liko jambo jingine lililonigusa mimi mhubiri. Miezi mitatu Melita, na katika aya hizo kumi Luka hatuandikii hata hubiri moja la Paulo. Sidhani kwamba Paulo alinyamaza. Haikuwa tabia yake. Lakini Roho Mtakatifu ameona vema tukumbuke kuni, maombi na mikono iliyowekwa juu ya mzee mgonjwa. Baba yake Publio, mkuu wa kisiwa, alikuwa amelala na homa na kuhara damu. Paulo akaingia alimolala, akaomba, akaweka mikono, mzee akapona. Baada ya hapo wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja, nao wakaponywa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumezoea kuisema methali hiyo tukicheka, tukifikiria kuku atakayechinjwa. Melita ilitimia neno kwa neno.

Ila hebu tuisome pia kutoka upande wa pili. Mgeni yule aliyewaponya wenyeji alikuwa ameponywa nao kwanza, kwa moto wao.

Nililielewa hilo katika juma langu la tatu kisiwani. Homa ilinishika usiku. Asubuhi sikuweza kusimama, na ilikuwa siku niliyopanga kuwatembelea wagonjwa wawili. Habari ikasambaa kabla jua halijapanda. Nyumba zimesogeleana, hakuna kikohozi kinachofichika. Kijana mmoja wa kwaya akanipeleka zahanati kwa baiskeli, akisukuma kwenye mawe na kupanda kwenye tambarare. Yule bibi akaja na maji yaliyochemshwa. Mvuvi ambaye hajawahi kukanyaga kanisani kwetu, na ambaye mimi nilikuwa nimempita mwaloni siku zote bila kumuuliza jina, akaleta sato, akamkabidhi mwenye nyumba, akaondoka kabla sijamshukuru. Jioni mmoja wa wale wagonjwa wawili niliopanga kuwaombea akaja akijikongoja na fimbo yake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniombea mimi.

Nilikuwa nimefika Ukara nikidhani nimebeba kitu cha kuwapa watu. Nilichobeba kilikuwa kizuri. Neno la Mungu ni zuri siku zote. Lakini sikuwa nimejiandaa kupokea. Asiyetaka kupokea bado hajafika, hata kama miguu yake imekanyaga gati. Paulo alipokea moto, akapokea siku tatu za kukaa nyumbani kwa Publio, na mwishoni akapokea mahitaji ya safari waliyompakilia melini. Kupokea ni sehemu ya utume. Nawaambia hasa ninyi watumishi na wazee wa kanisa mnaoona aibu kuhudumiwa.

Tarehe 20 Septemba iliangukia katika majuma yangu sita. Pale Bwisya hakuna mtu mzima asiyeijua tarehe hiyo. Ilikuwa Alhamisi, mwaka 2018, siku ya gulio Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere kilichotengenezwa kubeba watu 101 kilikuwa kimepakia wengi kupita kiasi, watu wanaorudi nyumbani na mizigo ya sokoni. Kilipinduka mita chache tu kabla ya kutia gati. Waliofariki walizidi 220. Baadhi yao wamezikwa hapo hapo Bwisya.

Nilisimama makaburini pamoja na waumini. Sikuwa na hubiri la mahali pale, na sitalitafuta sasa. Katika ile tufani ya Paulo, malaika alisimama usiku akamwambia kwamba hapana nafsi itakayopotea. Bwisya haikuwa hivyo. Mama aliyempoteza mtoto anaona gati kutoka mlangoni kwake, na mimi siwezi kumwambia kwa nini merikebu moja ilivunjika wakapona wote na chombo kingine kikapinduka wakaangamia wengi. Naweza kusema tu ambacho watu wa pale waliniambia: waliowahi kufika ni wavuvi. Walisukuma mitumbwi yao majini, wakavuta mikono waliyoweza kuivuta. Hawakuuliza huyu ni wa kijiji gani, wa dini gani, amelipa nauli au hakulipa. Kazi ya kuwatafuta watu iliendelea, na siku mbili baadaye fundi mmoja wa kivuko alitolewa akiwa hai kutoka ndani ya chombo kilichopinduka.

Nilipotoka makaburini nilijua kwamba sitaisoma tena Matendo 28 kama habari ya wageni na wenyeji tu. Ziwa na bahari havijui nani mwenyeji. Wale waliozama walikuwa wenyeji wa Ukara, na bado walikuwa safarini. Sote tuko safarini, na gati huonekana karibu kuliko ilivyo. Kama ni hivyo, hakuna kati yetu awezaye kusema kwamba atawasha moto atakapofika kwake.

Ndipo narudi kwenye neno letu, "napita tu."

Mwalimu anapangiwa kituo cha mbali, anaandika barua ya uhamisho kabla hajanunua godoro. Mpangaji anafagia chumba chake na kuuacha uwanja wa nyumba kwa sababu nyumba si yake. Mwanafunzi yuko mjini miaka mitatu na hana kanisa, maana kanisa lake liko kijijini. Wapo ndugu zetu wanaofanya kazi ugenini, mioyo yao imeachwa kwenye kiwanja wanachojenga nyumbani, na jirani wa mlango wa pili hawamjui jina. Hata sisi wachungaji: tukisikia tetesi za uhamisho tunaacha kuwatembelea watu, tunaanza kufunga vitabu. Mtu anaweza kuimaliza miaka ishirini hivyo, akipita hapa, akipita pale, begi nyuma ya mlango, na siku ya mwisho akagundua kwamba kule kupita ndiko kulikokuwa maisha yake.

Siku za nabii Yeremia kulikuwa na majaribu ya namna hii. Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa Babeli, na nabii wa uongo aliyeitwa Hanania akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatakwisha. Neno tamu! Mtu akiliamini hapandi mti. Yeremia akawaandikia waliohamishwa barua ngumu: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto wenu, uombeeni mji ule mliochukuliwa mateka. Hakuwaficha kwamba watatoka. Ahadi ya kutoka ilikuwamo ndani ya barua hiyo hiyo. Lakini ahadi ya kesho haikuwa ruhusa ya kuiacha leo na njaa.

Yuko mwingine aliyefanya kazi ya leo bila kujua nani atavuna. Kwenye kisiwa jirani cha Ukerewe aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliona desturi na lugha ya Wakerewe zinapungua vinywani mwa vijana, akakaa chini akaandika kitabu kirefu kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka. Alikimaliza mwaka 1945. Hakupatikana wa kukichapisha kwa lugha hiyo. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikaendelea kungoja. Kilitoka mwaka 1980, miaka 35 baada ya kumalizika, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Moto wake wanaota wengine. Nilipopita Ukerewe nikirudi nyumbani nilimfikiria sana mzee yule, na yule bibi wa Ukara, na Paulo aliyeinama kwenye mvua. Watu watatu ambao hawakuupima wema wao kwa urefu wa kukaa kwao.

Siku yangu ya mwisho kisiwani mvua za kwanza za vuli zilikuwa zimeanza. Kivuko kilikuwa cha mchana. Asubuhi nilikwenda kumuaga bibi nikamkuta kwenye kishamba kile kile. Tuliingiza vikapu vinne vya mwisho, mimi na yeye. Udongo ulikuwa umebadilika rangi. Ulipoushika ulishikamana kidogo kwenye kiganja badala ya kupita kati ya vidole kama mchanga. Hakusema mengi. Alinitilia njugu mawe kwenye mfuko, akaniambia nimsalimie mke wangu ambaye hajamwona, na nisipite Ukara nyingine bila kufungua begi. Sikujua kwamba alikuwa ameliona lile begi. Nyumba zimesogeleana.

Sijui kama mtoto wa shemeji yake amekwisha kuja kulichukua shamba. Akija atalikuta limeshiba.

Wapendwa, Bwana wetu mwenyewe alikaa kati yetu muda mfupi. Huduma yake ya hadharani ilikuwa miaka mitatu hivi, katika nchi ndogo, kati ya watu ambao wengi hawakumpokea. Alijua anarudi kwa Baba. Na usiku ule alipojua kwamba saa yake imefika, Yohana anasema, alijifunga kitambaa akawaosha miguu wanafunzi wake, Yuda akiwamo. Baada ya kufufuka, wanafunzi walipofika ufukoni alfajiri wakiwa wamechoka na wamelowa, walimkuta amekwisha kuwasha makaa, na samaki juu yake. Mwana wa Mungu naye aliwasha moto ufukoni, muda mfupi kabla ya kuondoka.

Basi mahali ulipo leo, hata kama si kwenu, hata kama ni kwa mwezi mmoja, kuna moto uliowashwa na wengine, nawe umeuota. Okota kuni.

Ya kutafakari wiki hii

1. Ni mahali gani maishani mwangu ambapo begi langu bado liko nyuma ya mlango? Nifungue nini wiki hii?

2. Ni nani aliyeniwashia moto nilipokuwa mgeni, nami sijamshukuru? Nimtafute kabla ya Jumapili.

3. Ni kazi gani ndogo, ambayo sitaona matunda yake, naweza kuifanya hapa nilipo?

Tuombe

Ee Bwana, wewe ndiwe mwenye nchi na visiwa vyote, nasi ni wapangaji wako. Utusamehe kwa kila mahali tulipopita mikono mitupu. Uwafariji waliopoteza wapendwa wao majini, na uwalinde wote wanaovuka leo, wavuvi wa usiku, wasafiri na manahodha wao. Utupe moyo wa kupokea fadhili za wenyeji bila aibu, na mgongo wa kuinama kuokota kuni bila kuulizwa. Nyoka akitushika mkono, utupe kumtikisa na kuendelea. Na siku utakapotuita kuondoka, udongo tuliouazima tuuache umeshiba. Katika jina la Yesu Kristo aliyekaa kwetu. Amina.